Niliyoyajua Kabla ya Nyokabi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainitoki, nami nimeshazoea kuishi nayo kama mtu anavyoishi na goti bovu. Ilikuwa Jumamosi, kule mtaa wa Rhonda, katika ua wa ploti tuliyokuwa tumepanga. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimembana mtoto wa jirani yangu Nyokabi katikati ya magoti yangu, namsuka nywele. Mtoto mwenyewe aliitwa Wambui. Baba yake alikuwa anampeleka Ndabibi kwa nyanya yake kwa likizo, na furaha ilimzidi hata hakuweza kutulia. Mama yake alikuwa mlangoni akikunja nguo. Akaniuliza kama sweta moja itatosha, maana asubuhi za Ndabibi zina baridi. Nikamwambia aongeze ya pili.

Nilisema aongeze ya pili kwa sababu nilijua mtoto hatarudi ile wiki aliyoambiwa mama yake. Mimi nilijua. Nyokabi hakujua.

Juzi ulikuja hapa kunieleza kwamba umepata kazi ya usekretari kwa mawakili hapa mjini, ukaniomba nikufunze kazi. Uliniuliza jinsi kesi zinavyowasilishwa kwa mtandao, jinsi faili zinavyopangwa, na wakili anapendelea nini. Hayo utayajua kabla viatu vyako vipya havijalegea. Vidole vyako ni vyepesi. Vyangu vimekakamaa, asubuhi hukataa hata kufunga kifungo cha sweta, na mwaka huu nikistaafu sitakuwa na la kulilia. Lakini kuna jambo ambalo hawatakufunza, na mimi sikufunzwa, na mtu mwingine ndiye aliyeumia nilipokuwa najifunza. Hilo ndilo nataka nikueleze. Usiwe na haraka. Chai iko kwenye thamosi, nami nimechoka, na aliyechoka husema polepole.

Kwanza ujue kwamba haya nimeomba ruhusa ya Nyokabi mwenyewe kuyasimulia. Bila hiyo ningekaa nayo mpaka kaburini. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haina ruhusa ya kuzunguka kijiji ikitangaza maji yaliyomo.

Nilikuja Nakuru nikiwa msichana, kutoka kwetu Kakamega, kusomea kazi ya usekretari. Sikuwa na mtu hapa. Nyokabi ndiye aliyenipokea. Alikuwa na hoteli ndogo ya mabati karibu na barabara ya kuingia Rhonda, akipika chai, mandazi na githeri. Nilikuwa mteja wake tu, mpaka siku aliponiona nimekaa mbele ya kikombe kitupu kwa muda mrefu, nikiogopa kurudi kwenye chumba ambacho mwenye nyumba alikuwa amekifunga kwa kufuli yake kwa sababu ya kodi. Hakuniuliza mengi. Aliniambia, "Nafula, chukua hiyo jembe ya kuni uniletee moto, halafu tutaona utalala wapi." Sijui alimaanisha nini kwa jembe ya kuni, maana hakukuwa na jembe wala kuni. Alikuwa na mzaha wake wa kumtoa mtu machozi. Nililala kwake mpaka nikamaliza masomo, na nilipopata kazi nikapanga chumba kilichopakana na chake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi sijapata mwingine aliyenifaa kama yeye.

Mume wake aliitwa Njoroge. Alikuwa dereva wa lori la maua kule Naivasha, mtu wa kuonekana wikendi moja na kupotea wikendi mbili. Hakuwa mlevi wala mpiga kelele. Alikuwa mpole na msafi, mwenye kunyoosha shati, na majirani walimpenda kwa sababu alisalimia kila mtu kwa jina. Mtoto wao Wambui alikuwa akipita kwangu kila asubuhi nimfunge viatu, kwa sababu saa hiyo mama yake alikuwa ameshatangulia kuwasha jiko la hoteli. Nilimfunga viatu, tukatoka pamoja, nikamwacha kwenye lango la shule, nami nikapanda kwenda mjini.

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Wakili wetu alikuwa Bwana Sandhu, mzee wa kilemba aliyezaliwa hapa hapa Nakuru, anayeongea Kiswahili kama sisi na Kikikuyu kuliko mimi. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Aliyeiendesha ofisi hasa alikuwa Mama Odera, sekretari mkuu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Huyo ndiye aliyenifunza kupanga makaratasi, kupokea wageni, kusoma mwandiko wa wakili, na kutambua mteja anayekuja kulia na anayekuja kudanganya. Wakati huo tulikuwa bado tunapiga taipureta, na ukikosea ukurasa wa kiapo unaanza upya. Mgongo wangu ulianza kuharibika pale.

Basi siku moja, katikati ya wiki, mlango ukafunguliwa akaingia Njoroge.

Alishtuka kuniona, ila kwa kidogo tu. Akanisalimu, "Nafula, kumbe unafanya ofisi hii." Nikamwambia ndiyo, nikadhani amekuja kwa mambo ya gari au ajali. Akaingia kwa wakili, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alisimama mbele ya meza yangu, akaweka kofia yake vizuri, akaniambia kwa upole wake ule ule, "Najua watu wa mawakili hawaongei mambo ya ofisi nje. Ama sivyo?"

Nikasema ndivyo.

Kesho yake Mama Odera aliniwekea mezani kazi ya kuchapa, na nilipoanza kusoma mwandiko wa wakili, nikakuta jina la Nyokabi.

Njoroge alikuwa anaomba talaka na haki ya kumlea mtoto. Nilijua minong'ono kwamba ana mwanamke mwingine Naivasha, lakini katika yale makaratasi hakukuwa na mwanamke yeyote isipokuwa Nyokabi, na Nyokabi wa mle ndani sikumtambua. Mle ndani alikuwa mama asiyejali, mtu wa kulala nje na kurudi na harufu ya pombe. Na palikuwa na sentensi moja ambayo hata leo naweza kukusomea bila karatasi. Ilisema mtoto anaishi Ndabibi na mama wa mwombaji, ambako ametunzwa tangu mwaka uliopita, baada ya mama yake mzazi kumtelekeza.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimemfunga huyo mtoto viatu, kule Rhonda.

Nilichapa. Ndiyo, mwanangu, nilichapa. Nilikuwa mgeni kazini na niliamini kwamba kazi ya sekretari ni kuchapa alichoandika wakili, nukta kwa nukta. Lakini nilipofika mwisho wa ukurasa nikainuka. Nikavaa koti, nikachukua mkoba, nikaelekea ngazini. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa Nyokabi nimwambie kila kitu kabla chai ya saa nne haijaisha.

Mama Odera alikuwa anapanda ngazi. Akasimama katikati, na kwa umbo lake hapakuwa na nafasi ya kupita.

"Unaenda wapi na hiyo sura?"

Nikasema naenda kununua kitu cha kula.

"Rudi juu," akasema.

Akanipeleka kwenye kile chumba cha faili kuukuu, akafunga mlango. Hakuniuliza nimesoma nini wala ni nani wangu aliyeandikwa mle. Aliniambia kwamba amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa, na anaijua hiyo sura. Akasema watu huja kwa wakili kama wanavyokwenda kwa daktari, wakiwa uchi, na mtu anayetangaza uchi wa watu hafai kukaa kwenye mlango huo. Kisha akasema, "Nafula, ukitoka na maneno ya ofisi hii, usirudi. Hata kama aliyeandikwa mle ni mama yako mzazi."

Nikavua koti. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilijiambia, nikafurahi kwamba nimepata methali ya kujifichia. Nilirudi kwenye meza, nikamaliza kazi, nikaipeleka kwa wakili. Aliipokea bila kuinua kichwa, nami nikasimama pale muda kidogo zaidi ya uliohitajika. Akaniuliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna.

Ndipo ikaja ile Jumamosi niliyokuanzia nayo. Nyokabi alinipa kitana mwenyewe. Aliniambia mimi nina mkono mwepesi, mtoto akisukwa na mimi halii. Nilimsuka mistari midogo inayokaa muda mrefu bila kufumuka. Njoroge alikuja na pikapu ya kuazima, akabeba mfuko wa nguo, akamshukuru mke wake kwa chakula cha mchana. Wambui akatupungia mkono mpaka gari likapinda kona. Nyokabi akashusha pumzi, akasema angalau wiki hii ataamka bila kufikiria sare ya shule. Kisha akanimiminia chai. Niliinywa. Ilikuwa tamu kama kawaida, na mimi nilikuwa nimekaa naye kama kawaida, na hilo ndilo linalonichosha hadi leo, kwamba hakuna kitu kilichoonekana tofauti.

Wiki ikapita, kisha nyingine. Njoroge akatuma salamu kwamba mtoto ana homa kidogo, akipona atamleta. Nyokabi akataka kwenda mwenyewe, akaambiwa asihangaike. Siku aliyoamua kufunga hoteli aende Ndabibi, ndiyo siku mtu wa korti alipomkuta jikoni, mikono imejaa unga, akamkabidhi karatasi mbele ya wateja.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza cha korti. Nyokabi alisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza hicho hata waliosoma sana huwatoa jasho. Unadhani alizipeleka kwa nani?

Alinisubiri kwenye ngazi ya chumba changu. Nilipofika alinyoosha mkono na zile karatasi, na unga ulikuwa umeshika pembeni. Akasema, "Nisomee, Nafula. Wewe ndiye unajua haya mambo."

Nikakaa kando yake nikamsomea. Nilimfasiria sentensi moja baada ya nyingine, kila moja nikiijua kabla sijaifikia. Kwenye lile neno la kutelekeza aliniomba nirudie. Nilipomaliza alichukua ukurasa wa mwisho, akautazama chini kabisa, pale panapoandikwa jina la mawakili walioandaa. Herufi alizijua vizuri.

"Si hii ni ofisi yenu?"

"Ni yetu."

"Ulikuwa unajua?"

Mwanangu, ningeweza kusema hapana. Ofisi ina watu wengi wa kuchapa, angeamini. Sikuweza.

"Nilikuwa najua."

Akakunja karatasi polepole, akazifuta unga kwa kanga yake. Kisha akasema, "Na ukamsuka nywele."

Alisimama akaingia kwake, akafunga mlango taratibu, si kwa kishindo. Laiti angenitukana. Nimetukanwa na wateja wengi tangu wakati huo na sikumbuki hata tusi moja. Hayo maneno matatu nayakumbuka.

Kesho yake nilifika ofisini mapema, macho yamevimba, nikamwambia Mama Odera kila kitu tangu mwanzo. Nilidhani atanisifu kwa kutunza siri, hata kama kwa huzuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Hiyo sentensi ya mtoto ni uongo? Una hakika?"

"Mimi ndiye nilikuwa namfunga viatu, Mama."

"Na wakili ulimwambia?"

Nikasema sikumwambia. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye alinikataza kufungua mdomo.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, kama nilivyochoka mimi sasa. Akasema, "Nafula, mimi nilikuziba mlango wa nje. Wa ndani nani alikuziba?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilikuwa nimechelewa. Siri ya ofisi ni ya kutotoka nje. Haikuwa ya kumficha wakili kwamba mteja wake anaapa uongo. Asubuhi ile nilipoliona jina la Nyokabi, ningeingia kwa Bwana Sandhu nikasema, "Wakili, huyu mama ni mtu wangu, na hili la mtoto si kweli, tafadhali nipe kazi nyingine." Singemvunjia mtu yeyote siri. Ningemwachia yeye mwenye jina mlangoni aamue. Hakuna aliyenifunza hivyo, ni kweli, lakini hata akili yangu mwenyewe niliiweka kimya, kwa sababu kimya kilikuwa rahisi kuliko kugonga ule mlango.

Mama Odera alinishika mkono tukagonga pamoja. Bwana Sandhu alisikiliza, akauliza mtoto alikuwa wapi siku ile karatasi ilipoandikwa, nikamjibu. Akalitoa faili, akasoma ule ukurasa kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akasema, bila kupaza sauti, "Ungeniambia siku ile, hii isingetoka hapa na jina langu." Akamwita Njoroge siku hiyo hiyo. Sijui waliongea nini, kwa sababu Mama Odera alinitoa kwenye chumba cha mbele, ila najua wakili alimtaka arekebishe kiapo chake naye akakataa. Njoroge akachukua faili lake akaenda kwa wakili mwingine, na kesi ikaendelea bila sisi.

Usidhani hapo ndipo mambo yalipotengenezeka. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwomba Bwana Sandhu ruhusa ya kuwa shahidi wa Nyokabi, na akaniruhusu, kwa sharti moja. Niseme niliyoyaona Rhonda kwa macho yangu, nisiseme niliyoyasoma ofisini. Nilikwenda kwa Nyokabi na habari hiyo kama mtu anayepeleka zawadi. Alikuwa anakanda unga. Aliniambia asante, lakini majirani wengine wapo, na yeye hawezi kusimama kortini huku ananiangalia usoni. Nikarudi kwangu.

Majirani walikwenda. Mwalimu wa Wambui alikwenda. Mwishowe hakimu aliamuru mtoto arudi kwa mama yake, lakini kesi za korti unazijua, leo hakimu hayupo, kesho wakili ni mgonjwa, na mihula ya shule ilipita kabla ya siku hiyo kufika. Niliwaona walipoingia ua wa ploti. Mtoto alikuwa amerefuka na alikuwa na aibu. Aliongea Kikikuyu cha Ndabibi, alimwita nyanya yake mama, na mama yake hakumwita kitu. Jioni hiyo nilimsikia kupitia ukuta akilia kwamba anataka kurudi nyumbani. Na Nyokabi anamjibu kwamba hapa ndipo nyumbani, tena na tena, kwa sauti ya kubembeleza.

Alipona, baada ya muda. Watoto hupona. Lakini kuna kipande cha utoto wa Wambui ambacho mama yake hana, na kila nikiona msichana wa umri ule nakikumbuka.

Nyokabi alihama Rhonda akaenda Lanet, akafungua hoteli nyingine karibu na zile nyumba mpya, akaendelea vizuri. Tulikuwa tunakutana sokoni au kwenye matanga ya watu tunaofahamiana. Alinisalimu kila mara, kama unavyomsalimu askari wa mlangoni benki, kwa adabu na bila kusimama. Bwana Sandhu alifariki, Mama Odera akastaafu akarudi kwao Siaya. Taipureta zikaondoka, kompyuta zikaingia. Nikawa mimi ndiye mwenye miwani shingoni, na wasichana wapya wakawa wananiogopa ngazini. Kila aliyeingia nilimwambia jambo lilelile siku ya kwanza. Akikutana na jina la mtu wake kwenye faili, aje kwangu kabla hajasoma ukurasa wa pili. Wengine walicheka. Wengine walikuja.

Mwaka jana, asubuhi ya mvua, nilimwona Nyokabi kwenye kiti cha wageni. Nywele zimekuwa nyeupe na mguu mmoja umemvimba. Nilidhani amepotea mlango. Nikamsalimu, nikamuuliza kama nimsaidie kupanda teksi. Akasema amekuja kuandika wosia.

Wakili wa sasa ni mpwa wa Bwana Sandhu, kijana msikivu. Nilimwingiza Nyokabi, nikasimama mlangoni, na kabla hajaketi nikasema yale niliyopaswa kusema zamani. Nikamwambia wakili kwamba mama huyu namfahamu, kwamba kuna jambo kati yetu, na kwamba kazi hii ingefaa ifanywe na mtu mwingine. Wakili akamtazama mgeni wake.

Nyokabi akasema, "Achape huyo. Akitoka yeye, na mimi natoka."

Basi nikachapa. Yaliyomo sitakwambia, hata ukinibembeleza. Aliyaeleza polepole, na mara mbili alinitazama mimi, si wakili, kuona kama nimeelewa. Alipoweka sahihi nikamsindikiza mpaka chini, ngazi moja moja, amenishika mkono kwa sababu ya mguu ule. Tulipofika kwenye lango, mbele ya duka la vitambaa, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama amenisamehe.

Alitazama mvua.

"Sijui, Nafula," akasema. "Hilo sikulijia. Nimekuja kwako kwa sababu najua hutasema."

Nikamwambia kwamba kuna wasichana wanaanza kazi hii kila mwaka, na ningetaka kuwaeleza habari yetu, akikubali. Akafikiri. Akasema niwaeleze, nisimfanye malaika, na nisiache lile la nywele. Kisha teksi ikaja akaingia.

Nimelifikiria jibu lake siku nyingi, mwanangu. Mwanzoni liliniuma, baadaye likanipumzisha. Kuna mtu hapa duniani ambaye hawezi kunisamehe na bado ananiamini, na kwa kazi yetu hii, nadhani hiyo ndiyo heshima iliyopo. Nyingine usiisubiri.

Kwa hiyo unisikie. Mdomo wako utunze. Mama mkwe, rafiki, mchumba, wote waambie mapema kwamba wasikuulize habari za ofisi, ili siku ukinyamaza wasione umeanza kuwaficha. Usijivunie kunyamaza kwako, maana kila siri unayoitunza kuna mtu mahali fulani anailipia, na huenda ndiye anayekupikia chai. Lakini ndani, mbele ya wakili wako, usiwe bubu. Ukiona uongo, useme kabla haujapigwa muhuri. Ukiona jina la mtu wako, useme kabla hujajua zaidi. Utaogopa, na wakili atakununia, na pengine atakufuta kazi. Kazi nyingine utapata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimejenga huo ukuta mpaka mgongo umepinda, na haujafika juu.

Na ukichoka, kwa sababu utachoka, uende ulale. Huzuni za watu hazipungui kwa wewe kukesha nazo.

Sasa nyanyuka, kesho ni siku yako ya kwanza na nguo hujapiga pasi. Mungu aibariki mikono yako, isichape neno litakalomtenganisha mtoto na mama yake. Akupe mkubwa wa kazi anayesikia mlango ukigongwa kidogo. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akuachie angalau mtu mmoja atakayekuamini bado. Nenda salama, mwanangu. Funga mlango taratibu, huo upepo unaniumiza magoti.